Kompyuta Yafunzwa Kugusa: Na Fundi wa Matondoni Je?

Mtu aendaye dukani kununua kitambaa cha kanzu hatosheki kukitazama. Hukishika kwa gumba na kidole cha shahada, akakisugua, akakivuta kidogo, ndipo akauliza bei. Mama anunuaye nazi huigonga na kuitikisa kando ya sikio. Mwenye kushona kofia ya vito hujua uzi umekaza au umelegea kabla hajaiinua kazi yake kuitazama, maana kidole kimekwisha kumwambia. Haya ni mambo ya kila siku, na kwa kuwa ni ya kila siku hatuyahesabu kuwa ni elimu. Na kumbe wako wataalamu, huko Marekani na Ulaya, waliotumia zaidi ya nusu karne na fedha zisizo kifani wakijaribu kuifunza kompyuta jambo hilo hilo, na hadi leo kazi haijakwisha.

Siku hizi vitu vingi vitokavyo viwandani, tangu birika la chai hadi mlango wa matatu, hubuniwa kwanza ndani ya kompyuta. Mbunifu huketi mbele ya kioo, akakizungusha kitu chake huku na huku, akakirefusha, akakipunguza, bila kupoteza hata kipande kimoja cha mbao. Ni kazi ya ajabu na hatuibezi. Ila ina kasoro moja ambayo wenyewe wanaikiri: mtu huyo anabuni mpini ambao hajapata kuushika. Anaiona mikunjo yake yote, aweza hata kukwambia kipimo chake hadi sehemu ya elfu ya milimita, lakini kama utamchoma kiganja mama atakayeinua birika lililojaa maji moto, hilo hajui. Atalijua kitu kikishatengenezwa, na pengine kikishauzwa.

Kwa hiyo likazuka wazo la kuutia mkono wa mtu ndani ya kompyuta. Mbunifu avae glavu, au ashike kalamu yenye mtambo, akinyoshe kidole kwenye kitu kisichokuwepo, na kitu hicho kimjibu kwa mguso: kimzuie, kimteleze, kimkwaruze. Wafasiri wa siku hizi wameyaita mambo ya namna hii “uhalisia pepe”. Neno hilo ni zuri kuliko pengine walivyodhani waliolichagua. Mkulima wa mpunga ajua kuwa pepe ni punje yenye ganda zima na tumbo tupu. Ukilitazama kwenye ungo hulitambui na wenziwe. Ukilibana kwa vidole ndipo linapobonyea ukajua hamna kitu. Basi taabu yote ya wataalamu hawa ni hiyo. Wanataka pepe ambalo likibanwa lisibonyee, likatae vidole kana kwamba lina mchele ndani.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT, alitoa mtambo wake wa Sketchpad uliomwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Programu za ubunifu zilizopo leo ni wajukuu wa huo. Miaka miwili baadaye, 1965, aliandika insha fupi akisema kwamba kompyuta haifai kuishia kuyahudumia macho peke yake. Mkono nao upewe fungu lake, hata kijiti akishikacho mtu kiweze kumsukuma kwa nguvu iliyopimwa na kompyuta.

Nguvu ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kutafutwa kwa haja nyingine kabisa. Katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, watu walikuwa wakishika vitu vya nyuklia, ambavyo asiyejali huvishika mara moja tu. Raymond Goertz akawaundia mikono ya jozi: mmoja ulio huku kwa mtu, wa pili ulio nyuma ya ukuta mnene ukiuiga wa kwanza. Kufikia mwaka 1954 jozi hiyo ilikuwa haiunganishwi kwa vyuma tena bali kwa umeme, na bado mtu wa huku alihisi uzito na ugumu wa kitu kilicho kule. Mwaka 1967 Frederick Brooks wa Chuo Kikuu cha North Carolina alianza mradi aliouita GROPE, yaani kupapasa. Hatimaye alipata mikono ya Argonne, na yule mkono wa pili, wa nyuma ya ukuta, nafasi yake ikachukuliwa na hesabu za kompyuta. Mtu akawa anasukumwa na kitu ambacho hakipo popote. Ripoti ya kazi hiyo ndefu ilitoka mwaka 1990: wanakemia walikuwa wakiishika molekuli ya dawa na kuitafutia mahali pa kukaa ndani ya protini, wakihisi mkononi pale inapokataliwa na pale inapovutwa. Miaka 23 ya kupapasa! Tunaitaja kwa ajili ya wale wanaodhani elimu hununuliwa dukani ikiwa imefungwa kwenye sanduku.

Glavu zilipita njia yao. Mwaka 1987 kampuni ya VPL ya California, iliyoanzishwa na Jaron Lanier, ilitoa glavu ya DataGlove iliyotokana na ubunifu wa Thomas Zimmerman. Ndani yake mlipitishwa nyuzi za mwanga mgongoni mwa vidole. Kidole kikikunjwa mwanga hupungua, na kompyuta ikajua kimekunjwa kiasi gani. Mkono wa mtu ukaonekana kwenye kioo, ukicheza. Lakini ulikuwa mkono wa kivuli. Ukishika kikombe, vidole vilipita katikati yake kama vipitavyo katikati ya moshi.

Mtambo uliobadilisha mambo ulikuwa mdogo wa kukaa mezani. Mwaka 1994 Thomas Massie, aliyekuwa mwanafunzi MIT, na mwalimu wake Kenneth Salisbury waliueleza hadharani kwa jina la Phantom. (Massie huyo baadaye aliingia siasa, na mwaka 2012 alichaguliwa katika bunge la Marekani, hiyo ni habari ya ukurasa mwingine.) Walichokifanya kinaeleweka hata na mshonaji. Kidole hutiwa kwenye kastabini, na kastabini hiyo imefungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma wenye mota tatu. Kompyuta husoma kila mara kastabini iko wapi. Ikiwa iko hewani, mota zimelala. Ikigusa ngozi ya kitu pepe na kupenya ndani hata kwa unene wa unywele, mota huamka na kukirudisha kidole, kama kamani iliyobonyezwa: kadiri upenyavyo ndivyo urudishwavyo. Hesabu yenyewe ni ile ya kamani ifundishwayo shule ya sekondari.

Siri ni kasi. Jicho ni jepesi kudanganywa. Picha 24 kwa sekunde zatosha kulifanya liamini kuwa farasi wa sinema anakimbia. Kidole hakikubali hongo ndogo namna hiyo. Mtambo hauna budi kupima na kusukuma kiasi cha mara 1,000 kila sekunde, ama sivyo ukuta ulioambiwa ni wa jiwe huanza kutetemeka, au ukawa laini kama sponji. Na hata kwa kasi hiyo, jiwe la kompyuta lina mpira mpira kidogo. Aliyewahi kugonga jiwe la kweli hadanganyiki.

Kutokana na mtambo huo ikatoka mwaka 1999 programu ya FreeForm, na hapa ndipo wabunifu wenyewe walipoanza kutega sikio. Hapo kabla, kuchora umbo la kompyuta kulihitaji kufikiri kwa hesabu: mstari huu uinuke hivi, uso ule upinde vile. FreeForm ilimpa mchongaji donge la udongo pepe na kalamu ya kulichimba. Akandamize, akwangue, asugue, alainishe, na mkononi ahisi udongo ukikubali au ukikataa. Watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, wa viatu na wa vito waliipokea, kwa sababu kazi zao zina mikunjo isiyo na jina katika hesabu. Shavu la mwanasesere halina kanuni. Mchongaji hulijua likifika.

Mfano wa pili ni wa ndege. Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994, ilibuniwa yote kwa kompyuta. Lakini kioo kinaweza kukuonyesha kwamba kipuri kimekaa vizuri mahali pake, kisikuonyeshe kama mkono wa makanika utafika kukifungua. Wahandisi wa Boeing wakatoa njia yao mwaka 1999: vyuma vyote vilivyozunguka hukatwa kwa hesabu kuwa vijisanduku vidogo mno, kipuri hugeuzwa kuwa mkusanyiko wa nukta, na mtu akishika mpini huusukuma huku kompyuta ikipima kila nukta imegonga kijisanduku kipi. Akikwama, anakwama kweli. Kila mwenye gari ajua thamani ya jambo hili. Ni nani asiyepata kumwona makanika wa hapa mjini akiteremsha nusu ya injini ili afikie nati moja, huku akimlaani mtu asiyemjua aliyechora gari hilo akiwa amekaa kitini? Lau mtu huyo angalisukuma mkono wake pale kabla gari halijaumbwa, laana nyingi zingalipungua.

Sasa tuseme la pili, maana kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kiganja kimoja cha binadamu kina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000, vya aina nne, kama walivyohesabu Roland Johansson na Åke Vallbo wa Sweden mwaka 1979. Kimoja hujibu mkandamizo wa kudumu, kingine huamka kitu kinapoanza kuteleza, kingine hushika mtikisiko mwembamba utokao hata kwenye ncha ya patasi. Mwaka 2013 watafiti, wa Sweden pia, walichapisha kwamba kidole kinaweza kupambanua uso laini na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13. Na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Elimu yenyewe ya mguso bado ni changa: Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na David Julius, yeye kwa kugundua kijimlango kilicho katika chembe za mwili kinachofunguka tunapokandamizwa. Mbele ya hazina kama hiyo, kastabini moja yenye mota tatu ni sawa na kumpa mtu aionje biriani kwa ncha ya sindano.

Na zile glavu mpya? Zipo zenye kamba zinazovuta vidole kwa nyuma visikunjike, na zipo zinazosukuma hewa kwenye vijifuko vidogo ili ngozi ihisi kubonyezwa. Ni kazi ya werevu. Lakini glavu imefungwa kwenye mkono wako mwenyewe, haikufungwa ukutani. Yaweza kuvizuia vidole visijifunge, haiwezi kuuzuia mkono mzima usipite katikati ya meza, wala haiwezi kukupa uzito wa nyundo. Uzito hauna budi kubebwa na kitu, na glavu haina pa kuegemea. Zile miwani kubwa za kufunika macho, ambazo tangu 2019 baadhi yake zauona mkono mtupu kwa kamera bila glavu yoyote, zimerudi pale pale pa mwaka 1987: mkono unaonekana vizuri sana, na unashika hewa. Tena mtu akiuinua hewani kwa robo saa, bega huanza kumdai.

Kuna jambo jingine ambalo latutia wasiwasi zaidi. Mwaka 2000 Anatole Lécuyer na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba mtu akisukuma kitu kisichosogea, huku kioo kikimwonyesha kamani ikibonyea kwa urahisi au kwa shida, atasema kwa yakini kwamba ameihisi laini au ngumu. Jicho limeudanganya mkono. Ni hila ya bei rahisi, na kwa mchezo wa watoto haina ubaya. Lakini mbunifu akiutumia mguso wa hila kuamua kama fimbo ya kutembelea ya mzee inashikika, au kama kifuniko cha dawa hakitafunguliwa na mtoto, atakuwa ameyauliza macho yake swali la pili akidhani anauliza mkono. Afadhali asiyegusa na akajua hajagusa.

Wenye viwanda vya magari wanalifahamu hili. Tangu Harley Earl alipoingia General Motors mwaka 1927 na kuleta desturi ya kufinyanga magari kwa udongo, udongo huo haujatoka. Leo wanazo kompyuta za kila namna, wanaingia ndani ya gari pepe na kulizunguka. Kisha, kabla ya kukata chuma, gari zima hufinyangwa kwa udongo uliopashwa moto, na watu waliozoea hupitisha viganja juu yake polepole. Kiganja hukuta kivimbe ambacho kioo hakikukionyesha. Watu hao hulipwa kwa viganja vyao, na hakuna anayewaita wa zamani.

Hapa twataka kurudi nyumbani. Fundi wa jahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, aghalabu hana ramani ya karatasi. Hulaza mkuku, huinua mbao, hutafuta mti uliopinda kwa asili upate kuwa taruma, na kipimo chake ni jicho na kiganja. Tezo likigonga, sauti na mtikisiko wa mpini humwambia kama mbao ina ufa ndani. Akitia kalafati, kidole gumba ndicho kinachosema pamba imetosha. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote, na mwanafunzi haipati kwa kuelezwa. Hupewa tezo, akakosea, mkono wake ukashikwa na kuelekezwa. Mwenye kuchonga milango ni vivyo hivyo.

Na mtu asituambie kwamba ujuzi huu umefungwa na mti wa zamani. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, waliteremsha majini mashua ya FlipFlopi, urefu wake kiasi cha mita 9, iliyoundwa kwa tani zipatazo 10 za taka za plastiki na kuvikwa vipande vya ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Plastiki si mti. Haina nyuzi za kufuatwa na tezo, na jua likiipiga hutanuka kwa namna yake. Hapakuwa na babu aliyewahi kuifanyia kazi hiyo akaacha wasia. Lakini ilichongwa, ikaungwa, ikaelea. Kompyuta ili iige mguso wa plastiki ile ingetaka kwanza ipewe tarakimu zake: ugumu wake, mkwaruzo wake, jinsi inavyobonyea ikipata moto. Mikono ya Lamu ilizisoma bila kuziandika.

Ndiyo maana twaona makosa mawili yakinyemelea. La kwanza ni la vyuo. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kuchora kwa kompyuta, na ni vizuri. Lakini kijana atakayemaliza masomo ya usanifu bila kuwahi kupiga randa wala kupasua ubao hatajua anachokosa, na siku glavu hizo zitakapofika hapa hatakuwa na mguso wa kweli wa kuzipimia. Atazisadiki. Mtu aliyezoea sukari guru hutambua mara moja akipewa bandia. Asiyewahi kuionja atashukuru.

La pili ni la haki. Mitambo hii haitoi mguso tu, yaweza pia kuupokea. Fundi akipewa mpini wenye vipimo, kila pigo lake laweza kuandikwa: njia lililopita, nguvu iliyotumika, pale aliposita. Hatusemi jambo hilo ni baya. Mafundi wa majahazi wanazeeka, na vijana wengi wameziendea mashua za faiba na pikipiki. Kumbukumbu ya mkono wa mzee huenda ikawafaa wajukuu kuliko picha mia za ukutani. Swali letu ni moja: kumbukumbu hiyo itakuwa ya nani? Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiasili, na sheria hiyo yataka jamii yenye maarifa itoe idhini kwanza, ikijua inachoidhinisha. Walioitunga walifikiria dawa za mitishamba, nyimbo na nakshi. Mwendo wa kiganja juu ya mpini wa tezo nao ni maarifa ya jadi, na wazee wa Matondoni wasingoje mpaka uonekane umo ndani ya programu inayouzwa kwa dola ndipo waambiwe walitia sahihi.

Kwa hiyo rai yetu kwa wakuu wa vyuo vya Pwani, na kwa kaunti zenye kutoa fedha, ni hii. Mkitaka kununua mitambo ya mguso, nunueni; bei yake si ya mchezo, basi mwanzo mmoja au miwili yatosha kufundishia. Lakini katika chumba hicho hicho pawe na benchi, randa, patasi na udongo, na fundi wa jahazi au wa milango aketi humo kama mwalimu. Mwanafunzi achonge mpini ndani ya kompyuta asubuhi, auchonge wa mti jioni, kisha ampe fundi yote mawili. Yule mzee atavaa kastabini, atapapasa kidogo, atasema kinachokosekana. Na maneno yake yaandikwe, maana hao wa Marekani na Ulaya wangelipa kuyasikia. Hatumwombi afundishe kwa kahawa na haluwa. Mshahara wake uingie kwenye makadirio ya mwaka, kwa saa, kama wa mwalimu yeyote mwenye cheti, na uingie kabla ya bei ya glavu.